Kichwa Kisichotobolewa

Kofia ndizo zilizoniambia kwanza. Nauza nguo za watoto za mitumba sokoni Voi, na kazi hiyo ni ya kuupima mwili wa mtoto kwa macho. Nikiona mtoto mgongoni mwa mamake, najua suruali gani itamfika magotini na soksi gani itamtoka kabla hawajavuka barabara. Kwa hivyo asije mtu akaniambia sikuona.

Mwanangu alipozaliwa nilimchagulia kofia ya rangi ya maziwa, yenye masikio ya sungura. Muda si muda ikaanza kumwachia alama nyekundu kwenye paji la uso. Nikamtafutia ya mtoto anayekaa. Kisha ya mtoto anayetambaa. Kisha ya mtoto anayetembea na kutukana wageni, na yeye bado alikuwa hajaweza kuinua shingo.

Wateja walifurahi naye. "Huyu ni profesa," walisema wakimpapasa. Mwenzangu wa meza ya viatu alikuwa na yake kila asubuhi: "Mama, huyo usimsumbue na shule. Mpeleke moja kwa moja bunge, kichwa kishajaa hotuba." Nilicheka. Mtoto wa kwanza, nani asiyependa asifiwe?

Mchana Voi ina tabia ya kuyeyuka. Jua linakaa juu ya mabati, vumbi jekundu linasimama hewani halitui, na sauti za watu zinafika masikioni zikiwa zimechelewa, kana kwamba zimepitia chini ya maji. Mtoto alikuwa analala mno saa hizo. Nilimlaza kwenye rundo la sweta na kumtazama, nikiona mishipa ya buluu imechorwa pembeni mwa kichwa chake kama mito kwenye ramani ya darasani. Niliiona mizuri. Nilikuwa nimechoka, sijalala usingizi wa maana tangu nijifungue, na kila kitu kilikuwa kizuri kwa mbali.

Aliyeniamsha ni jirani yangu wa ploti, mama wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani, anayepika mahamri ya kuuza. Alikuja na sahani siku moja, akamchukua mtoto, akanyamaza. Yule mama hanyamazi.

"Mwanangu, nikwambie na usinune?"

"Niambie."

"Macho ya huyu kijana yamezama. Tazama. Weupe umebaki juu, mboni zimejificha chini kama jua linalokuchwa. Na utosi wake," akaweka kiganja juu, taratibu, kama mtu anayepima joto la chapati, "utosi wa mtoto hupumua. Huu umejaa. Umekaza kama ngoma."

"Si ndiyo ukubwa wa kichwa cha kwao?"

"Kwao wapi? Mumeo nimemwona, kichwa chake chatosha kofia ya yeyote. Nenda hospitali, mwanangu. Leo, usiseme kesho."

Nilinuna. Lakini nilienda.

Nesi wa kliniki alizungusha utepe kichwani, akausoma, akazungusha tena. Akamwita mwenzake. Wakaangaliana kwa ule mtazamo ambao wafanyakazi wa hospitali wanadhani wagonjwa hawauoni. Kisha nikapelekwa kwa daktari, kijana wa umri wangu hivi, macho mekundu kwa zamu. Huyo simchukii. Alikuwa wa kwanza kuzungumza na mimi kama mtu mwenye ubongo.

Alichora juu ya kasha la glavu. "Watu wanafikiri ubongo umekaa kichwani kama kiazi kwenye gunia," alisema. "Haukai. Unaelea. Ndani ya ubongo mna vyumba, na vyumba hivyo vinatengeneza maji kila siku, maji safi kabisa. Yanapita kwenye mfereji mwembamba, yanatoka nje, yanauzunguka ubongo, yanashuka kuzunguka ile kamba iliyo ndani ya uti wa mgongo mpaka chini kiunoni, yanapanda tena, kisha yananyonywa na damu. Wewe hapo ulipo, ubongo wako unaogelea."

"Na wake?"

"Wake mfereji umeziba. Maji yanatengenezwa, hayatoki. Vyumba vinapanuka, vinausukuma ubongo ukutani. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana, ndiyo maana kichwa kinakua. Ingekuwa wewe, mifupa isingekubali. Ungeshakufa."

Nilimpenda kwa kutozungukazunguka.

Akaniambia kuna dawa moja tu, upasuaji Mombasa. Wanatoboa tundu dogo kwenye fuvu, wanaingiza mpira mwembamba mpaka kwenye chumba chenye maji, wanaupitisha chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, mpaka tumboni. Maji yanashukia huko, mwili unayanywa.

"Ubongo wa mtoto una huruma," alisema. "Ukiondolewa mzigo mapema, unafunguka. Ukichelewa, kilichobanwa hakirudi."

"Kitakachobanwa ni kipi?"

Akaangalia mchoro wake. "Kutembea. Kuona. Kusema. Sijui, mama. Chochote. Usingoje."

Nilitoka hapo nikiwa nimembeba mwanangu mbele, si mgongoni, nikiona kila mtu njiani anaelea. Mwenye mkokoteni wa maji, polisi kwenye kivuli, wanafunzi wa sare za kijani, wote wamebeba bahari ndogo mabegani na hawajui. Nikaanza kutembea polepole nisije nikamwaga kitu.

Jioni nikampigia baba mtoto. Analinda mifugo kwenye ranchi upande wa Ndara, mtandao unakuja na kuondoka na upepo. Nikamweleza yote, vyumba, mfereji, mpira.

"Ngoja nimuulize mama," akasema.

"Mama yako ni daktari wa nini?"

"Si hivyo. Ni kichwa. Wanataka kumtoboa kichwa. Ngoja kwanza mama aseme."

Kama kuna neno nitakalolizika kwa mikono yangu kabla sijafa, ni hilo *ngoja*.

Najua unachouliza. Kwa nini hukumbeba mtoto ukaenda peke yako? Nimeulizwa na watu wengi, wengi wao hawana mtoto wala mkwe. Mtoto wa kwao ana ukoo. Mtoto angefia chini ya kisu nami nimempeleka peke yangu, ningekuwa mwanamke aliyemuua mpaka kaburi langu lioteshe nyasi. Na mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu mpole aliyezoea kuamuliwa. Ndovu akija usiku ranchini anasimama mbele yake na tochi. Mamake akikohoa, anakaa chini.

Tukaitwa Ronge kwa mamake, mimi na mtoto; yeye akabaki na mifugo yake.

Kutoka Voi kwenda milimani ni kama kutoka kwenye sufuria kuingia kwenye mtungi. Joto linabaki chini, na ukungu unakuja kukupokea. Nyumba ya mama mkwe iko kwenye mteremko, migomba nyuma, mahindi mbele, na asubuhi huoni mahindi wala migomba, unasikia tu majani yakidondosha maji. Yeye ni mtu wa kanisa, benchi la mbele, sare ya akina mama imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akamkalisha mapajani, akauangalia utosi muda mrefu.

"Umechoka, babu yangu," akamwambia mtoto. Humwita babu kwa sababu mwanangu amerithi jina la babu wa babu yake. Ndivyo wanavyorithishana kwao.

"Mama, daktari amesema tusingoje."

"Nimesikia alichosema daktari. Sasa nisikie mimi. Kichwa cha mtoto wa nyumba hii hakitobolewi."

Akaeleza, na alieleza kwa upole, ndiyo maana nilizidi kukasirika. Zamani, kabla ya wamisionari, mtu wa kwao akifa walimzika, na baada ya muda wakalichukua fuvu lake na kulipeleka kwenye mwamba juu ya kijiji, likae na wenzake, likiangalia nje. Kichwa ndicho mtu. Mwili ni wa mchwa. Desturi hiyo ilishakwisha, sasa watu wanazikwa na msalaba, lakini mafuvu bado yako pale, na mwenye jina la mwanangu ni mmoja wao. Kichwa kilichotobolewa hakiwezi kwenda kukaa na vichwa vizima. Na kama kichwa cha mtoto kinavimba, basi mwenye jina ana neno, kwa sababu hakuna aliyekwenda kumsalimia tangu mtoto azaliwe.

"Lakini wewe ni Mkristo," nikasema.

"Ndiyo. Na Mungu ndiye aliyenipa babu."

Nikamchukua mwanangu mapajani mwake.

Tulikaa. Mama mkwe alisema tungeenda mwambani na wanaume wazee wa ukoo, lakini mmoja alikuwa mgonjwa, mwingine alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka kuonekana, wa tatu alisema tungoje mvua. Siku zikapita zikiwa hazina kingo. Ukungu ulikuja ukaondoka. Mtoto alilala, akatapika, akalia kilio chembamba kama cha paka wa mbali, akalala tena. Mimi nilikuwa naota macho wazi. Niliota nyumba yenye vyumba vinavyojaa maji, na mtu mdogo ndani yake anaburuta viti, anavipandisha ukutani, anabandika picha zake juu zaidi na zaidi: picha ya kutembea, picha ya kusema mama. Nikiamka naona maji yakitiririka kwenye majani ya migomba, sijui niko upande gani wa ndoto.

Nikimnyonyesha nilikuwa nakumbuka shule. Biolojia tuliisoma kwa Kiingereza, tukiimba sehemu za ubongo kama kwaya bila kujua tunaimba nini. Hasa medula oblongata, ambayo wavulana walimpa mpishi wa bweni kama jina. Kisha siku moja mwalimu akaja na kichwa cha mbuzi kilichopasuliwa kwa shoka la buchari. Wasichana tulipiga kelele. Yeye akaonyesha kwa kalamu, hana haraka. Hii sehemu kubwa yenye mikunjo, ndiyo unayofikiria nayo, unayokumbukia, unayodanganyia walimu. Hii ndogo ya nyuma, ndiyo inayokusaidia kusimama usianguke. Hili shina la chini halichezewi, hapa ndipo pumzi na mapigo ya moyo. Na shina linageuka kamba nene nyeupe, inatoka kupitia tundu chini ya fuvu, inaingia katika uti wa mgongo na kubeba amri mpaka vidoleni, na kurudisha habari.

"Ukishika sufuria ya moto," alisema, "mkono unatoka kabla hujajua. Kwa nini? Kwa sababu ile kamba ya mgongoni haingoji ruhusa. Inatoa amri yenyewe. Ubongo unapewa habari baadaye, ndipo unasema aii!"

Jioni wavulana walikichemsha kile kichwa wakanywa supu. Somo lilikuwa limekwisha.

Asubuhi moja mwanangu hakutaka kunyonya. Nilimgusa shavu, hakugeuka. Nikamwendea mama mkwe jikoni, alikuwa anaponda kimanga, ndizi na maharagwe.

"Mama, nipeleke huko mwambani. Leo. Mimi na wewe."

"Wanawake hawatangulii."

"Wanaume wako wapi?"

Akaendelea kuponda. Kisha akaacha. Nadhani na yeye alikuwa amemwona mtoto. Alivua aproni, akachukua kibuyu cha mbangara, pombe ya miwa, akakifunga ndani ya lesso yenye maneno ya injili ili tukikutana na mtu wa kanisa aone ni maziwa. Kwa hasira zote nilizokuwa nazo, hapo nilitamani kucheka.

Tulipanda ndani ya ukungu. Nilimfunga mtoto mgongoni na kukifunga kichwa chake kwa lesso ya pili kisiniangukie upande, maana kilikuwa kizito kama tikiti, na kila hatua nilikuwa nasikia uzito ule ukija nyuma ya hatua yangu, umechelewa kidogo. Mama mkwe hakuonekana, ilionekana mikono yake tu ikitenga majani ya mahindi, kisha majani ya mwitu, kisha mawe yenye kuvu. Ndege aliimba mara moja akanyamaza.

Mwamba ulikuwa umeinama kama mtu anayesikiliza. Chini yake palikuwa pakavu, na pale kwenye ukavu walikuwapo, wamepangwa kwa safu, rangi ya majani ya chai yaliyotumika, wakiangalia nje kule ambako kungekuwa na bonde kama ukungu usingekuwapo. Sikuogopa. Walionekana kama watu waliokaa kituoni, wamechoka kuuliza gari litakuja lini.

"Yule," mama mkwe akanong'ona, "mwenye ufa juu ya jicho. Ndiye mwenye jina. Msalimie."

"Nimsalimie niseme nini?"

"Sema umemleta mtoto."

"Nimemleta mtoto," nikasema.

Yeye akamwaga mbangara chini kidogokidogo, akaanza kuzungumza Kidawida cha zamani, kile ambacho hata mimi niliyezaliwa milimani nakifuata kwa mbali. Alikuwa anaomba. Aliomba kwa sauti nzuri, ndefu, isiyo na mwisho, na ukungu ukaingia chini ya mwamba, na kwa muda nilihisi kwamba ningeweza kukaa pale na wale, tukiangalia nje, na hakuna ambacho kingehitaji kuamuliwa tena.

Mtoto akatapika. Matapishi ya moto yakashuka shingoni mwangu mpaka kwenye uti wa mgongo, chini, chini kabisa.

Mkono wangu ulitoka kabla sijajua. Nikajikuta nimelishika lile fuvu lenye ufa. Lilikuwa jepesi, jepesi kama kibuyu kilichokauka juani.

Mama mkwe alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Mwatate.

"Weka! Weka chini! Unataka kutumaliza sote?"

Sikuweka. Nikaligeuza juu chini. Na pale chini, katikati, palikuwa na tundu la mviringo, kubwa, kingo zake laini kabisa. Nikapitisha vidole viwili.

"Mama, njoo uone."

"Sioni kitu! Weka!"

"Njoo uone babu yako ametobolewa."

Akasogea nusu hatua, mkono umeziba mdomo. Nilimwelekezea fuvu kwenye mwanga, akaona vidole vyangu vikitokea ndani.

"Nani alimtoboa?" akauliza, kwa sauti ndogo sana.

"Aliyemuumba. Kamba inayotoka kwenye ubongo inapita hapa, inashuka mgongoni, ndiyo iliyomtembeza huyu mzee, ndiyo iliyompa pumzi. Bila tundu hili hangeweza kuinua hata kijiko. Hakuna kichwa kisichotobolewa, mama. Hakuna. Mungu alianza kutoboa kabla ya daktari."

"Labda ni yeye tu. Labda aliumia."

"Nimgeuze mwingine?"

Nikaligeuza la pili. La tatu. La nne, dogo kuliko mengine, pengine la mwanamke. Yote yalikuwa na tundu lile, pale pale. Mama mkwe aliinama karibu, akiwa ameshika kilemba chake kama mtu anayechungulia kisima. Hakugusa. Aliangalia tu, moja baada ya jingine, na midomo yake ilikuwa inasogea.

"Waliokuwa wanawatoa kaburini walikuwa wanaume," akasema mwishowe. "Wao waliwashika. Sisi tulikuwa tunaona nyuso tu." Kisha akakasirika, na hasira yake niliielewa kuliko kitu chochote alichowahi kuniambia: "Hawakutuambia! Na wana wao, miaka yote hiyo wanakuja kula kwangu, hakuna aliyesema!"

"Sasa unajua."

"Warudishe walivyokuwa. Kila mtu mahali pake. Na wewe umefanya vibaya, usifikiri hukufanya vibaya. Umemshika mkubwa kama unachagua nazi."

"Ndiyo, mama."

"Hilo la makosa nitazungumza naye mimi. Nipe mtoto."

Akashuka naye mgongoni mwake mwenyewe. Mimi nilibeba kibuyu.

Tulipofika mahali penye mtandao, karibu na shule, alimpigia mwanawe. Nilisimama kando nikasikia upande mmoja wa maneno.

"Njoo. Leo. Mtoto anaenda Mombasa... Ndiyo nilisema. Sasa nasema tena... Unauliza kwa nini? Kwa sababu mama yako amesema. Si ndivyo unavyopenda?"

Basi. Dakika moja. Kilio changu chote, mchoro wa daktari, kilio cha paka cha mwanangu, vyote havikuhamisha kitu, na maneno yake kwenye simu yakahamisha mlima. Watu wananiambia nishukuru. Nimeshukuru. Na bado nimekasirika, na moja halijawahi kulifuta jingine.

Tulipanda treni Voi, sisi watatu na mtoto. Dirishani nchi nyekundu ilikimbia nyuma bila sauti, vichaka, kichuguu, twiga mmoja amesimama kama amesahau alichokuja kufanya. Baba mtoto alimpakata mtoto njia nzima, mkono umekishika kichwa kama mtu aliyebeba yai la watu. Hakuniangalia. Karibu na Mombasa ndipo aliposema, "Ningekuja mapema." Nikamjibu, "Ndiyo, ungekuja."

Wodini tulikuta akina mama wengine wenye watoto wenye vichwa vizito, wa Kilifi, wa Kwale, mmoja wa Kasigau, ambaye barabara mbovu na mvua ya wiki nzima ilikuwa imemfungia huko. Hakuna aliyemkodolea macho mtoto wa mwenzake. Tulikuwa nchi moja. Walipomnyoa mwanangu upande mmoja wa kichwa, mama mkwe aliokota nywele zote sakafuni akazifunga kwenye leso, nesi akamwangalia, yeye akamwangalia nesi.

Milango ya chumba cha upasuaji ikafungwa. Muda ule siwezi kuuandika vizuri kwa sababu haukuwa na umbo. Nakumbuka feni ya dari. Nakumbuka harufu ya dawa ya kufutia sakafu. Nakumbuka nikijaribu kufikiri jinsi ninavyofikiri, kwamba hata hofu hii inapita humo humo, kwenye mikunjo ya kitu chepesi kinachoelea gizani, na kwamba sasa hivi, nyuma ya mlango ule, mtu ameona ubongo wa mwanangu kwa macho yake, kitu ambacho mimi niliyemtengeneza sitakiona kamwe.

Walipomleta, utosi wake ulikuwa umelegea, umebonyea kidogo kama unga uliokandwa. Alilala. Nililala pia, nimekaa, shavu kwenye chuma cha kitanda. Siku chache baadaye alifungua macho na mboni zilikuwa katikati. Aliniangalia moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe ilionekana, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia kwenye nyumba yenye fujo na kuuliza nani msimamizi hapa.

Lakini daktari alisema kilichobanwa hakirudi, na hakuna aliyeweza kuniambia kilikuwa kipi. Nilipouliza kama zile siku za Ronge zilichukua kitu, daktari wa Mombasa alisema hawezi kujua. Alisema kwa huruma. Sikuitaka huruma yake. Nilitaka kujua. Tuliambiwa tungoje, mtoto mwenyewe atatuonyesha. Yaani ngoja tena.

Tukangoja. Alikaa wakati watoto wa rika lake wanakimbia. Mguu wa kushoto ni mgumu. Kila kliniki daktari anagonga goti lake kwa nyundo ndogo na mguu unaruka kwa hasira kuliko inavyotakiwa, nami nauelewa mguu ule. Anasimama sasa, ameshika benchi. Mpira unaonekana chini ya ngozi nyuma ya sikio lake. Kofia zake nazishona mwenyewe. Mwenzangu wa meza ya viatu hasemi tena habari ya bunge. Siku moja alileta viatu viwili vya saizi tofauti, akaviweka mezani kwangu, akaenda zake.

Kusema ndiko kulikonitesa. Alikuwa na sauti, alinung'unika, alicheka, lakini neno hakuna. Wenzake walikuwa wanaimba nyimbo za Sunday school, yeye anatuangalia midomo. Nilikuwa nikimwosha nazungumza naye bila kukoma, kila kitu nakiita kwa jina lake, sabuni, mguu, maji, nikihisi kama napiga simu kwenye nyumba ambayo sijui kama kuna mtu ndani.

Mwezi uliopita mama mkwe alishuka Voi kututembelea. Siku hizi huko Ronge amekuwa mtu wa maneno. Mtu akisita kumpeleka mtoto hospitali, yeye humwambia mbele ya kanisa zima kwamba hata mababu wametobolewa, na kama anabisha apande akawageuze mwenyewe. Alikuja na kimanga kwenye kontena, akaketi kwenye mkeka mlangoni, ambapo upepo unapita. Jirani wa mahamri alikuwepo pia, miguu amenyoosha. Mchana ulikuwa ule ule wa Voi, kila kitu kimelegea.

Mama mkwe alikata tonge la kimanga akalipeleka mdomoni mwa mtoto. "Kula, babu yangu. Chakula cha kwenu hiki."

Akageuza uso.

"Kula. Kidogo tu."

Akausukuma mkono. Tonge likaanguka mkekani.

"We mtoto! Kula, nimetoka nacho mlimani!"

"Sitaki!"

Lilitoka lote, zima, na kiburi ndani yake. Jirani alikunja miguu. Mama mkwe alibaki na mkono hewani, vidole vimepakaa maharagwe, akaniangalia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

"Amesema nini?"

"Umemsikia, mama," nikasema. "Hataki."